Jiwe Lililoliwa na Ndimu

Mejumaa,

Sikuandikii salamu. Umelala hapa kando yangu, mguu wako umeutupa juu ya wangu kama desturi yako, na salamu mtu humwandikia aliye mbali. Wewe mbali utakuwa kesho, gari la Madamu likishakuchukua. Basi salamu zingoje mwisho, kama hasira zitaniachia nafasi.

Maana nina hasira, mwanangu. Nimewasha koroboi, nimeshika kalamu, na herufi zinapanda mlima. Usinicheke mwandiko.

Na usinicheke kwa kukuita mwanangu. Najua utasema, "Mwanao wapi, dada, na hata posa bado hujaletewa?" Sema. Mama alipofariki ulikuwa hujaota jino, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nang'oa ya utoto. Baba alikwenda Tanga kwenye mkonge, habari zake zikaishia huko. Bibi alikufunga mgongoni kwangu kwa leso yake, miguu yako ikinining'inia mapajani, na hivyo ndivyo nilivyokwenda kuteka maji, hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma, nikikutikisa. Ulipoanza kusema, uliniita mama. Wanawake kisimani wakacheka. Mimi nikaona haya, nikakukataza, nikakufundisha kusema "dada" mpaka ukashika. Ulilia siku mbili. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza kwako, na lilitokana na haya, kama yote yaliyofuata.

Sitakuagiza usali, wala ufue nguo zako mapema, wala usile kwa watu usiowajua. Bibi amekwisha kuyasema hayo kutwa nzima, mpaka ukamwambia, "Bibi, mimi siendi Makka, naenda Nairobi," naye akakujibu, "Makka ningekuwa na amani zaidi." Mimi nataka kukueleza habari ya jiwe. Unaondoka kwa ajili ya jiwe, na hujaambiwa ukweli wake.

Nilipoanza kazi ya jikoni kule Diani, nyumba ilikuwa bado ya memsabu, yule mama wa Kizungu. Nilikuwa nimetoka darasa la nane. Shule ilinifundisha kwa lugha mbili, na Kiingereza changu kwenye karatasi kilikuwa safi. Mdomoni ndiko kilikokataa kutoka. Memsabu hakuuliza kama nakijua. Alisema nami kile Kiswahili chao cha jikoni, "wewe leta maji, wewe funga mlango," nami nikajibu, "Ndiyo, memsabu." Nikajibu hivyo mpaka mwisho wake. Sikumdanganya. Niliona haya tu kumwambia.

Jina langu alilijua baadaye. Kwanza alinijulisha jiwe. Alinishika mkono siku ya kwanza, akanipeleka kwenye ile meza ndefu ya marumaru chini ya dirisha, nyeupe, yenye mishipa ya kijivu kama ya mkono wa mtu mzee, akaniwekea kiganja changu juu yake. "Hii kuja kwa meli," akasema. "Hii kuumia, mimi kuumia."

Kisha akanitajia makatazo. Hakuna ndimu. Hakuna siki. Hakuna majivu, hakuna mchanga, hakuna makumbi ya nazi. Vitu vyote tulivyooshea vyombo kwetu tangu kuzaliwa, hakuna. Jiwe lile huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo iliyoyeyuka, kwa kitambaa laini, halafu maji matupu, halafu hukaushwa kwa kitambaa kingine, wala haliachwi likauke lenyewe. Nyanya ikidondoka, ukwaju ukimwagika, pangusa hapo hapo, usimalizie kwanza unachofanya. Kisu hakigusi jiwe, kinakata juu ya ubao. Sufuria haitoki motoni ikakaa juu yake.

Mara moja nilimwaga mafuta ya kukaangia, nikaona usiku tu, mafuta yamekwisha kunywewa na jiwe, pamebaki giza kama kivuli cha sahani. Nikasubiri kufukuzwa. Memsabu akaniletea chaki, chaki kama zile za mwalimu. Tukaisaga, tukaikoroga na spiriti ikawa uji mzito, tukaupaka pale penye doa na kufunika. Asubuhi uji umekauka, mafuta yamepanda juu yameingia kwenye chaki, jiwe limerudi jeupe. Nilifurahi peke yangu jikoni kama mwehu.

Nililichukia jiwe lile, Mejumaa. Lilipata kitambaa laini kuliko nguo tulizovaa. Lakini adhuhuri, jua likiwaka na memsabu amelala, nilikuwa naweka shavu langu juu yake, nalo lilikuwa baridi kama paji la uso la mtu aliyepona homa. Sijamwambia mtu yeyote hilo. Nalichukia na nalipenda, na ukitaka kujua kwa nini mtu mzima anakaa kazini asikotakiwa, jibu liko huko huko.

Bendera yetu ilipopanda, memsabu akauza nyumba, akaenda kwao. Sisi tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka, unakumbuka, ulikuwa umepanda mabegani kwangu ingawa ulikuwa mkubwa wa kutosha kusimama. Nyumba wakainunua wenzetu. Bwana ana kazi kubwa serikalini, na mkewe anataka aitwe Madamu. Nikasema moyoni, sasa atakuja mtu wa kuniuliza jina. Madamu alipita jikoni, akagusa jiwe, akasema, "Hili ni zuri. Wewe ndiye wa jikoni?" Nikasema ndiyo. Akaendelea chumba cha pili.

Sasa ile siku ya wageni. Shule zilikuwa zimefungwa, ukaja kunisaidia kumenya vitunguu. Tulikuwa tumeletewa nguru mkubwa, akapasuliwa upande mmoja wa jiwe, na damu zikapita nje ya ubao. Mimi nikaitwa barazani na bilauri za wageni. Madamu akaingia jikoni, akaziba pua, akakuambia wewe, kwa sababu ndiye aliyekuwepo:

"Hapa pananuka samaki! Toa harufu hiyo sasa hivi, watu wanakuja kuona nyumba."

Niulize, mtoto gani wa Ukunda ukimwambia atoe harufu ya samaki hatakimbilia ndimu? Mikono tunatolea ndimu. Kibao tunatolea ndimu, sufuria tunatolea ndimu. Kwetu kutoa shombo na kutia ndimu ni jambo moja. Wewe ulikuwa unatii. Ukakata ndimu, ukamkamulia Madamu jiwe lake, ukanyunyiza jivu la jikoni juu, ukaliacha likae kidogo lifanye kazi, vile Bibi alivyokufundisha.

Nami nilikuona. Hili ndilo ninalotaka ulijue kutoka kwangu, sio kutoka kwa mtu mwingine. Nilikuwa kwenye mlango wa baraza na sinia yangu tupu. Ndimu ilikuwa bado mkononi mwako, haijagusa kitu. Kati yangu na wewe walisimama Bwana na mgeni wake, wanazungumza, na ili sauti yangu ikufikie ilibidi ipite juu ya wanaume wawili. Ilitakiwa neno moja. "Usitie!" Nikafungua mdomo. Mdomo ukabaki wazi, sinia mkononi, kama mlango wa nyumba iliyohamwa.

Ulipopangusa jivu, katikati ya jiwe palikuwa pamepauka, hapana mng'aro, kama jicho la mtu aliyeingiwa na mtoto wa jicho. Ukasugua zaidi. Madamu akaingia na wageni wake nyuma.

"Hii ni nini?"

Mimi nikaiambia sakafu: "Limeliwa, Madamu."

"Limeliwa?" Akawageukia wageni. "Nyinyi watu wa pwani na Kiswahili chenu! Jiwe linaliwa? Haya, nani amenilia jiwe langu?"

Wakacheka. Mgeni mmoja akasema tuangaliwe meno. Wewe ukainua uso, majivu mpaka kwenye viwiko, ukasema:

"Ndimu, Madamu. Na aliyeitia ni mimi. Na aliyesema nitoe harufu ni wewe."

Kicheko kikakatika. Wallahi, nilitaka ardhi inimeze, na papo hapo nilitaka kupiga kigelegele. Madamu akakutazama muda mrefu. Mimi nilidhani ni hasira. Haikuwa hasira. Alikuwa anakupima, jinsi mtu anavyopima kitambaa dukani.

Jioni ulipomsimulia Bibi, unakumbuka alivyofanya? Alichukua kauri moja, akaitia kikombeni, akakamulia ndimu juu yake. Ikatoa povu, ikapauka mbele ya macho yetu. "Basi," akasema, akitema tambuu, "jiwe lao la Ulaya ni kauri tu iliyonenepa." Tulicheka mpaka Mjomba akatuuliza kutoka nje kuna nini. Laiti ningemaliza hasira zangu kwa kicheko kile.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Madamu akaja hapa nyumbani mwenyewe. Akavua viatu mlangoni, akamwamkia Bibi shikamoo, akaketi mkekani. Mjomba alikaa wima kama anapigwa picha.

"Sikuja kudai kitu," Madamu akasema. "Jiwe limeharibika, halitengenezeki tena, lakini mtoto ni mtoto. Nimempenda. Nipeni nimchukue Nairobi, nitamsomesha pamoja na wangu."

Mjomba akashukuru mpaka nikaona aibu. Alikwisha kujiandaa kuomba radhi, na badala yake anapewa zawadi. "Kumbe watu wema wapo," akasema. "Mwingine angetuletea askari." Wewe ulikuwa umejificha nyuma ya pazia na miguu yako inaonekana, na vidole vya miguu vilikuwa vinacheza.

Kisha Mjomba akanigeukia. Kwetu neno la mjomba ndilo neno la mwisho, angeweza kuamua bila mimi. Lakini aliniuliza, na kwa hilo namshukuru hata leo ninapomkasirikia.

"Haya, Mishi. Wewe ndiye uliyemlea. Una neno?"

Watu wote wakanitazama. Nikasema:

"Haya."

Basi. Mjomba akasikia nimekubali. Bibi akasikia sifa yangu, akamwambia Madamu, "Huyu ana haya sana, tangu mdogo." Neno moja, Mejumaa, kila mtu akalichukua upande wake, na hakuna aliyelisikia nilivyolisema mimi, kwa kujionea aibu. Nimesifiwa haya tangu nikiwa na umri wako. Mishi ana haya, Mishi hasemi mbele ya watu, Mishi atapata mume mwema. Wamenivika neno hilo kama buibui, na mimi nimeling'ang'ania kwa sababu ndani yake hapana anayeniona.

Sasa nikueleze nilichokuwa nakijua nilipokuwa nasema haya.

Kesho yake baada ya wageni, nilikuwa nimeinama juu ya jiwe na uji wangu wa chaki. Nilitaka kulirudisha, nikifikiri huenda ndimu itapanda kama yale mafuta yalivyopanda. Bwana na Madamu wakaingia kunywa chai, wakaongea Kiingereza juu ya kichwa changu, jinsi watu wanavyoongea mbele ya paka.

Bwana akasema, "Yule fundi wa marumaru wa Mombasa atalisugua upya. Kazi ya siku moja. Litarudi kama lilivyokuwa."

Madamu akasema, "Najua. Usiwaambie bado. Yule mdogo namtaka."

"Mkubwa je?"

"Mkubwa ni nguzo, anasimama tu. Mdogo ana akili, ni mwepesi, na hana baba wa kuja kuniuliza maswali."

"Na shule?"

Madamu akakoroga chai. "Shule ataiona kila asubuhi akiwapeleka watoto."

Wakacheka kidogo, sio kicheko kibaya, kicheko cha watu waliochoka. Mimi nikaendelea kupaka chaki. Mwanangu, nilielewa kila neno. Laiti nisingesoma Kiingereza, ningekuwa mjinga tu leo, na mjinga hana kosa.

Chaki ilikauka ikadondoka, na jiwe lilibaki vile vile. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo memsabu hakunieleza. Doa ni kitu kilichoingia. Mafuta yameingia, manjano yameingia, na kilichoingia kinaweza kuvutwa kikatoka. Ndimu haikuingiza kitu. Ndimu iliondoka na ngozi ya jiwe. Hapakuwa na kitu cha kutoa pale, na kadiri unavyosugua kutafuta doa ndivyo unavyozidi kulichubua. Lile ni kovu.

Nikawa nafikiri habari zetu. Wewe hujatia doa mahali popote. Wamekuacha uamini umefanya kosa lisilotengenezeka. Wanakusugua kutafuta doa ambalo halipo. Nami kila neno nililolimeza limeondoka na kipande changu, tangu siku ile ya kisimani nilipokunyang'anya neno mama. Sijui kama kuna fundi wa hilo Mombasa.

Siku hizi zote nimekutazama ukijiandaa. Umefunga daftari zako kwa leso ya zamani ya Bibi, fundo mara mbili. Umenisomesha ramani: hapa Likoni, hapa Taru, hapa Voi, hapa Nairobi. Jana ukaniuliza, "Dada, shule ya huko ina chumba cha vitabu tu, eti mtu anaingia anasoma anachotaka?" Nikasema, "Labda." Labda! Nilistahili kupigwa kofi. Na vile viatu alivyokuletea Madamu umevipanga chini ya kitanda, vinatazama mlango, vimeshaanza kuondoka kabla yako.

Nimemkasirikia Madamu kwa kuvua viatu mlangoni kwa adabu yote ile. Nimemkasirikia Bwana aliyejua na kuendelea kunywa chai. Nimemkasirikia Mjomba kwa kufurahi upesi hivyo mtu mkubwa alipokaa mkekani kwake. Angeuliza swali moja tu, shule gani, inaitwaje. Na wewe nimekukasirikia, naam, kwa ule mdomo wako mbele ya wageni, maana ungenyamaza kama mimi asingekutamani. Halafu naisoma sentensi hii niliyoiandika sasa hivi na kuona aibu yake. Yaani nilitaka uwe kama mimi? Nguzo ya pili? Ikiwa kuna kitu kimoja katika mambo haya yote ambacho sitaki kikuondoke, ni siku ile ulivyoinua uso, majivu mpaka kwenye viwiko, ukamwambia Madamu, "Ni wewe." Usifundishwe na mtu kukiacha. Hata na mimi.

Barua hii nilikusudia niitie ndani ya daftari zako, uisome ukishavuka Likoni. Nilitaka ujue nikiwa sipo, nisiyaone macho yako. Nimefika hapa ndipo nimejiona. Hata kukuambia ukweli nimetaka nikuambie ukiwa umeshachukuliwa, wakati huwezi kushuka.

Hapana. Sitaitia.

Gari litafika jua likishapanda. Mjomba ataamka kabla yake, atatawadha pale uani, nami nitakuwa nimekaa kizingitini na karatasi hizi. Kusema mbele ya mtu siwezi, nimejaribu umri wangu wote, sauti inakatika. Lakini kusoma naweza. Darasani nilikuwa nikisimama nikasoma kurasa nzima bila kutetemeka, kwa sababu macho yalikuwa kwenye karatasi na sio kwenye watu. Nitamsomea Mjomba barua hii tangu juu mpaka chini, hata pale nilipomsema yeye. Maneno ya Bwana na Madamu nitayasoma kwanza kwa Kiingereza, vile vile yalivyosemwa, ili asidhani nimeyatunga, kisha kwa Kiswahili. Halafu Madamu akifika nitamsimamisha hapo hapo mlangoni, nimuulize kwa lugha yake ya chai fundi wa Mombasa anakuja lini. Huenda nikafukuzwa. Jiwe litatafuta mtu mwingine wa kuliwekea shavu.

Sijui Mjomba ataamua nini. Simdanganyi mtu tena, na wewe pia sikuahidi. Lakini ataamua akijua.

Ukiamka ukanikosa kitandani, usivae vile viatu kwanza. Njoo uani miguu mitupu, simama karibu yangu mahali ninapoweza kukuona. Na ukitaka kuniita, niite lile jina nililokukataza.

Salamu zako hizi sasa. Umejigeuza, umeutoa mguu wako juu ya wangu, nao umebaki na baridi.

Mjomba akiniuliza tena, "Haya, Mishi, una neno?"

Ninalo.

Mishi